Mahali pa Moto Mwilini: Mabishano ya Matabibu wa China

Katika tiba ya jadi ya China, moto ni mmoja wa mienendo mitano, iitwayo wuxing, ambayo kwa mpangilio uliozoeleka ni mti, moto, udongo, chuma na maji. Kila mwenendo hukusanya chini yake mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana undugu wowote: moto hupewa majira ya joto, upande wa kusini, rangi nyekundu, ladha chungu, furaha, ulimi, mishipa ya damu na, zaidi ya yote, moyo. Msomaji aliyezoea tabia nne za tiba ya Kiyunani, ambayo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kupitia vitabu vya Kiarabu, huenda akaudhani moto huu kuwa asili inayouumba mwili, ilhali wataalamu wa China waliuzungumzia zaidi kama namna ya mabadiliko, yaani hatua ambayo jambo hupanda, hung'aa na kufika kileleni kabla halijaanza kushuka. Vitabu vya mafunzo vya leo huiorodhesha mifungamano hiyo kana kwamba iliteremshwa siku moja ikiwa imekamilika. Historia yake ni tofauti kabisa, kwa kuwa hakuna jambo lililowagombanisha matabibu wa China kwa muda mrefu kama swali la mahali hasa moto unapokaa mwilini, na la iwapo moto huo ni wa kulindwa au ni wa kuzimwa.

Kabla haujaingia mwilini, moto ulikuwa hoja ya wafalme. Sura ya Hongfan katika Shangshu, mkusanyo wa nyaraka za kale, inasema tu kwamba maji hulowesha na kushuka, kwamba moto huwaka na kupanda, na kwamba kinachowaka na kupanda huzaa uchungu. Humo hamtajwi moyo wala ugonjwa. Katika karne ya 3 KK, Zou Yan wa dola ya Qi alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya mwenendo mmoja na huondolewa na ule unaoushinda, na kwa hesabu yake ukoo wa Zhou ulikuwa wa moto, hivyo mrithi wake hakuwa na budi kuwa wa maji. Mfalme wa kwanza wa Qin alipoiunganisha China mwaka 221 KK aliipokea hoja hiyo, akachagua maji, rangi nyeusi na namba sita. Ukoo wa Han ulisitasita kwa muda mrefu zaidi: mwaka 104 KK ulijitangaza kuwa wa udongo, na baada ya kuanguka na kusimamishwa tena, mfalme Guangwu alitangaza mwaka 26 BK kuwa Han ni ya moto na kwamba rangi yake ni nyekundu. Kwa hiyo, matabibu walipouchukua msamiati huu, waliuchukua ukiwa tayari umejaa harufu ya baraza la mfalme.

Moto wa kushikika, ule wa kuunguza ngozi, ulikuwa na historia yake pembeni, na kwa kila dalili ulitangulia. Katika kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwishoni mwa mwaka 1973, yalipatikana maandiko ya hariri yanayoeleza mishipa kumi na mmoja ya mwili. Moja ya maandiko hayo hutaja njia ya kila mshipa, kisha maradhi yake, kisha hutoa agizo lile lile kila mara, nalo ni kuuchoma mshipa huo kwa moto. Sindano haitajwi, wala mienendo mitano haitumiki kupanga mishipa. Kilichochomwa kwa desturi kilikuwa ai, mmea wa jamii ya pakanga, ambao majani yake hukaushwa, hutwangwa hadi yawe kama pamba, kisha hufinyangwa kuwa vichuguu vidogo vinavyowashwa juu ya ngozi. Mwanafalsafa Mengzi, katika karne ya 4 KK, aliweza kuutolea mfano ugonjwa wa miaka saba unaohitaji ai ya miaka mitatu bila kueleza zaidi, jambo linaloonyesha kuwa wasikilizaji wake walijua vema kwamba majani hayo huwa bora yakikaa.

Nadharia ilipoanza kuufikia mwili, haikuuweka moto moyoni mara moja. Kitabu cha Lüshi Chunqiu, kilichokamilishwa takriban mwaka 239 KK, kinapanga viungo vya ndani vya mnyama wa sadaka kwa majira: wengu hutangulizwa katika majira ya machipuko, mapafu katika majira ya joto, moyo katikati ya mwaka, ini katika majira ya mapukutiko na figo katika majira ya baridi. Kwa mpangilio huo kiungo cha moto ni mapafu, nao moyo, ulio katikati, ni wa udongo. Takriban mwaka 100 BK, Xu Shen aliandika katika kamusi yake kuu kwamba moyo ni kiungo cha udongo, kisha akaongeza kwa ufupi kuwa wasomi wa chuo cha mfalme wanauita kiungo cha moto. Katika nyongeza hiyo fupi umebanwa mgogoro mzima kati ya kambi mbili za wanazuoni, moja iliyoshikilia nakala za vitabu vya kale zilizoandikwa kwa hati za zamani na nyingine iliyoshikilia nakala za hati mpya.

Jibu lililoshinda lilitoka kwa Zheng Xuan, aliyeishi kati ya mwaka 127 na 200, ambaye hakuwa tabibu bali mfafanuzi mashuhuri wa vitabu vya kale. Alieleza kuwa mpangilio wa sadaka ulifuata mahali viungo vinapokaa ndani ya mnyama, juu au chini, mbele au nyuma, na kwamba haukukusudiwa kuongoza tiba. Kisha akatoa hoja ambayo ni nadra kuisikia kwa mwanazuoni wa maandiko: matabibu wa zama zake, alisema, hutibu kwa kuliweka ini katika mti, moyo katika moto, wengu katika udongo, mapafu katika chuma na figo katika maji, nao wagonjwa hupona, na mtu akiupindua utaratibu huo, mgonjwa asipokufa basi huzidiwa. Hata kama ushahidi wake hauwezi kupimwa leo, inafaa kutambua kuwa moyo ulipata moto wake kwa madai ya waganga, huku kauli ya vitabu vikongwe zaidi ikiwekwa kando. Ushindi huo, hata hivyo, uliacha mshono uliolegea. Suwen, sehemu ya kwanza ya Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba kilichokusanywa takriban katika karne ya 2 na ya 1 KK, unausifu moyo katika sura ya nane kuwa ndio mfalme wa viungo vyote na chimbuko la mwangaza wa roho. Na mfalme huyo sasa alikuwa ametolewa katikati ya ramani ya mwili, akapelekwa kusini.

Kwa karne nyingi mshono huo haukuwasumbua matabibu, kwa sababu mpango wenyewe ulifanya kazi. Mti huulisha moto na moto huzaa udongo, maji huushinda moto na moto hukishinda chuma. Kutokana na mizunguko hii miwili, kitabu cha Nanjing cha mwishoni mwa enzi ya Han kilitoa kanuni kwamba kiungo kikidhoofika huimarishwa mama yake, na kikizidi nguvu hupunguzwa mwana wake, hivyo moyo dhaifu huweza kutibiwa kupitia ini, nao moyo uliochachamaa kupitia wengu. Moyo ulipewa mwenza, utumbo mwembamba, na kwa ajili hiyo joto la moyo lilidhaniwa kuwa huweza kuteremka na kutokea njia ya mkojo. Qian Yi, tabibu wa watoto wa enzi ya Song, ambaye mafundisho yake yalikusanywa mwaka 1119, aliacha dawa ya unga iitwayo daochi, yaani ya kuuongoza wekundu utoke: mtoto mwenye uso mwekundu, kiu, vidonda mdomoni, usingizi wa kushtuka na mkojo mwekundu unaochoma hupewa mzizi mbichi wa dihuang, bua la mtambaa uitwao mutong, urukususi na majani ya mwanzi, ili kinachowaka juu kipoozwe na kushushwa. Ni vigumu kuupata mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi rangi, ulimi, moyo na utumbo vilivyofungwa kwa uzi mmoja.

Tatizo la kweli lilizuka kwa sababu ya hesabu. Wang Bing, aliyeuhariri upya Suwen mwaka 762, aliingiza humo sura saba ndefu kuhusu mzunguko wa hali ya hewa, ambazo zinaugawa mwaka katika vipindi sita vya takriban siku sitini. Mienendo ikiwa mitano na vipindi vikiwa sita, ilibidi mmoja uhesabiwe mara mbili, na uliochaguliwa ni moto: moto wa mfalme, junhuo, ukapewa kipindi kinachofuata mlingano wa machipuko, na moto wa waziri, xianghuo, ukapewa kile cha kilele cha joto. Mgawanyo huo wa kalenda ulilingana na jambo lililokuwa tayari linajulikana, kwamba moto ndio mwenendo pekee wenye viungo vinne badala ya viwili, yaani moyo na utumbo mwembamba, pamoja na mfuko unaouzunguka moyo na sanjiao, majiko matatu, ambayo Nanjing unayaeleza kuwa yana jina bila kuwa na umbo. Kwa hiyo palikuwa na moto wa pili ambao cheo chake kilijulikana na makazi yake hayakujulikana, na matabibu wa karne zilizofuata waliyatafuta makazi hayo kwa bidii.

Msukumo wa kuyatafuta ulitoka katika maduka ya dawa. Mwaka 1076 serikali ya Song ilifungua mjini Kaifeng duka la umma la dawa zilizokwisha kutengenezwa, na kitabu cha michanganyo yake, kilichopata jina lake la mwisho mwaka 1151, kilienea hadi kikawa mwongozo wa watu wasiotaka kusumbuka na uchunguzi wa mgonjwa. Michanganyo mingi ndani yake ilikuwa ya vitu vya kunukia na vya kupasha joto vilivyoletwa kwa bahari: karafuu za visiwa vya Maluku, manemane na, kwa wingi mno, ubani, ambao Zhao Rugua, ofisa wa forodha katika bandari ya Quanzhou, alieleza mwaka 1225 kuwa hutoka Mirbat, Shihr na Dhofar, pwani ile ile ya Oman na Hadhramaut ambayo majahazi yake yalishuka pia hadi Kilwa na Zanzibar. Kwa mgonjwa aliyepooza kwa baridi dawa hizo zilifaa. Kwa mwenye homa, wakosoaji walidai, zilikuwa mafuta yanayomwagwa juu ya makaa.

Mkosoaji wa kwanza mwenye uzito alikuwa Liu Wansu wa Hejian, aliyeishi kaskazini chini ya utawala wa Jin katika karne ya 12, wakati wa vita na homa za kuambukiza. Aliichukua orodha ya kanuni kumi na tisa za chanzo cha magonjwa iliyomo katika Suwen, ambayo tayari inauhusisha moto na joto na kanuni nyingi kuliko visababishi vingine, akaitanua hadi akafikia rai kwamba upepo, unyevu, ukavu na hata baridi vikikaa mwilini hugeuka kuwa moto, na kwamba hisia zozote zikipita kiasi nazo huwa moto. Dawa zake, kwa hiyo, zilikuwa za kupoza na za kufungua njia. Li Gao, aliyeuona mji wa Kaifeng ukizingirwa na Wamongolia mwaka 1232 na watu wake wakifa kwa wingi, alitazama homa hizo hizo akasema kinyume: wale walikuwa wamechoshwa na njaa na hofu, moto wao ulikuwa moto wa udhaifu ulioibuka baada ya wengu kuharibika, na kuupoza kulikuwa sawa na kuwaua. Inastaajabisha kwamba wote wawili waliitwa walimu wakuu wa zama zao na vitabu vyao vikauzwa pamoja.

Aliyeyajibu yote kwa pamoja alikuwa Zhu Zhenheng wa Yiwu, mkoani Zhejiang, aliyefariki mwaka 1358. Alianza maisha ya usomi kwa falsafa ya Kikonfusio ya shule ya Zhu Xi, akaingia katika tiba akiwa mtu mzima, na mwaka 1325 akapata mjini Hangzhou mwalimu aliyerithi elimu ya Liu Wansu. Katika kitabu chake cha mwaka 1347, Gezhi yulun, aliuweka moto wa waziri katika ini na figo, sehemu ya chini ya mwili, na akaueleza kuwa ni mwendo wenyewe: bila moto huo mbingu haiwezi kuzalisha wala binadamu kuishi, lakini tamaa ikiuchochea huruka, ukala umajimaji wa mwili, yaani yin, ambayo kwa maoni yake daima ni pungufu huku yang, nguvu ya joto, ikizidi. Humo ugonjwa na maadili viliungana kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeielewa bila mwalimu, kwa kuwa nidhamu ya chakula, kitanda na hasira ilikuwa dawa ya kwanza. Ya pili ilikuwa tembe, na ile inayohusishwa zaidi na jina lake huchanganya gamba la tumbo la kobe, mzizi wa dihuang uliopikwa, gome chungu la huangbai na mzizi wa zhimu, vyote vikakandwa kwa uboho wa uti wa mgongo wa nguruwe na asali. Dhidi ya kitabu cha maduka ya Song aliandika risala nzima. Inawezekana kusema kuwa tangu Zhu Zhenheng moto wa tiba ya Kichina una jambo la aibu ndani yake, na wafuasi wake, wasiokuwa na wepesi wake, waliugeuza mpango huo kuwa desturi ya kumpa kila mgonjwa gome chungu hadi matumbo yakaharibika.

Upinzani ulikuja katika enzi ya Ming, nao haukuridhika na kubadili dawa tu. Zhang Jiebin wa Shaoxing, aliyeishi kati ya mwaka 1563 na 1640 na ambaye ujanani aliyakubali maneno ya Zhu Zhenheng, aliandika baadaye kwamba hazina kuu ya mbingu ni jua moja na hazina kuu ya mwili ni yang ya kweli, ambayo kamwe haizidi. Makazi ya moto huo aliyaona katika mingmen, mlango wa uhai, ambao Nanjing uliuweka kwenye figo ya kulia, na dawa yake ya kuulisha, yougui, yaani ya kuurudisha upande wa kulia, ina mdalasini na akoniti iliyotengenezwa. Zhao Xianke wa Ningbo alikwenda mbali zaidi. Alirudi kwenye sura ya nane ya Suwen na kuhesabu: maandiko yanasema mfalme akitiwa giza ofisi kumi na mbili, yaani viungo vya mwili, huwa hatarini, lakini mfalme akiwa ni moyo, ofisi zinazobaki ni kumi na moja, kwa hiyo mfalme wa kweli ni mwingine, naye ni mingmen, ulio kati ya figo mbili. Ili kulieleza hilo aliitaja taa ya karatasi ya sikukuu, ambayo ndani yake sanamu huinama, hupiga mbio na kucheza kwa sababu ya hewa inayopashwa na mshumaa, na ambayo husimama yote mara mshumaa unapozimika ingawa sanamu zote bado zipo. Tabibu mwenye mgonjwa, alidai, hutazama sanamu na kuusahau mshumaa. Mshono uliolegea tangu zama za Zheng Xuan ulikuwa umefumuka kabisa.

Mwaka 1741 Xu Dachun, tabibu wa Suzhou mwenye ulimi mkali, alichapisha kitabu kizima cha kumkanusha Zhao, akimlaumu kwa kutibu kila kitu kwa tembe mbili tatu. Hata hivyo moto wa chini haukuzimika. Katika karne ya 19 Zheng Qin'an wa Sichuan, mkoa unaolimwa akoniti kwa wingi, aliutetea katika kitabu cha mwaka 1869, na shule iliyotokana naye hutumia vipimo vikubwa vya mzizi huo, ambao ni sumu kali na hauwezi kunywewa bila kutengenezwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Ujasiri wa shule hiyo unasifiwa sana katika maandishi ya wafuasi wake; hatari yake huelezwa kidogo kuliko inavyostahili.

Karne ya 20 ilileta swali la aina nyingine, iwapo moto huo upo. Yu Yunxiu, aliyesomea tiba ya kisasa nchini Japani, aliushambulia msingi wa Neijing katika kitabu cha mwaka 1917, na mwaka 1929 pendekezo lake la kuikomesha tiba ya zamani lilikubaliwa na kikao cha afya cha serikali iliyokuwa katika mji wa Nanjing, jambo lililowakusanya wajumbe wa matabibu na wenye maduka ya dawa mjini Shanghai tarehe 17 Machi hadi serikali ikarudi nyuma. Jibu la kina zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa na Yun Tieqiao mwaka 1922: moyo unaotajwa na Neijing, alisema, sio nyama inayoonekana mezani mwa mpasuaji, bali ni moyo wa majira, na moto ni jina la majira ya joto katika mwili. Utetezi huo uliiokoa nadharia kwa kuiondoa kwenye uwanja ambao ingeshindwa, na mwalimu anayeutumia leo anapaswa kukiri kwamba uliandikwa kujibu mashambulizi ya karne ya 20.

Vyuo vinne vya kwanza vya serikali vya tiba ya Kichina vilipofunguliwa mwaka 1956, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, mitaala ilihitaji jedwali moja lisilo na ugomvi, na katika jedwali hilo moto ni wa moyo, kama alivyotaka Zheng Xuan. Wodini mambo ni mengine. Mgonjwa anayeharisha kila siku kabla ya mapambazuko, mwenye kiuno baridi na chakula kisichosagika, huambiwa kuwa moto wake hauuzai udongo, naye hupewa tembe zenye buguzhi, wuzhuyu, wuweizi na kungumanga. Moto unaokusudiwa hapo sio ule wa moyo. Vitabu vya mafunzo vyenyewe hueleza kuwa, tangu nadharia ya mingmen ilipoenea, kanuni ya moto kuzaa udongo humaanisha joto la figo linalopasha wengu, yaani moto unaotoka katika kiungo ambacho jedwali lile lile limekiandika chini ya maji.